Kashiwa Reysol 2011: waliotoka daraja la pili wakabeba ubingwa wa Japani

SWALI: Mimi ni shabiki wa Gor Mahia hapa Kisumu. Tangu mshambuliaji wetu Michael Olunga aende Japani nimekuwa nikiifuata Kashiwa Reysol. Majuzi kijana wangu amenionyesha kwenye simu kwamba klabu hiyo ilibeba ubingwa wa Japani mwaka 2011, ilhali mwaka uliotangulia ilikuwa daraja la pili. Nikamwambia hilo haliwezekani, labda ni kombe fulani la mtoano. Tukabishana hadi chakula kikapoa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, iliwezekanaje? Tena mbona Olunga, pamoja na mabao yake 28 mwaka 2020, alimaliza nafasi ya saba tu na klabu hiyohiyo, nayo ikiwa imetoka kupanda?

JIBU: Ndugu yangu, kijana wako yuko sahihi. Kama mliwekeana soda, mnunulie. Kashiwa Reysol walimaliza 2010 wakiwa mabingwa wa J2, yaani daraja la pili, na tarehe 3 Desemba 2011 wakawa mabingwa wa J1. Wala si kombe la mtoano. Ilikuwa ligi kamili ya timu 18 na mechi 34, nyumbani na ugenini. Kabla yao hakuna timu iliyokuwa imefanya hivyo tangu ligi ile ya kulipwa ianze mwaka 1993.

Naelewa kwa nini ulikataa. Sisi tumezoea ligi ambazo bingwa unamjua kabla ratiba haijatoka. Huku kwetu Tanzania, tangu 2001, nje ya Simba na Yanga ni Azam peke yao waliowahi kubeba ligi kuu, msimu wa 2013/14. Kwa macho hayo, timu iliyopanda juzi kuchukua ubingwa ni kama bodaboda kushinda mbio za magari. Japani ya miaka ile haikuwa hivyo. Nagoya Grampus walibeba 2010, na ulikuwa ubingwa wao wa kwanza katika ligi hiyo ya kulipwa. Kashiwa wakabeba 2011, wa kwanza. Sanfrecce Hiroshima wakabeba 2012, nao wa kwanza. Miaka mitatu, mabingwa watatu wapya. Hakukuwa na tajiri mmoja mwenye uwezo wa kununua wachezaji wote wazuri wa nchi.

Halafu tazama umbali kati ya madaraja mawili. Fainali ya Kombe la Mfalme, kombe lao la mtoano, la msimu huohuo wa 2011 ilichezwa tarehe 1 Januari 2012, kama ilivyokuwa desturi yao ya mwaka mpya. Waliokutana ni FC Tokyo na Kyoto Sanga, na Tokyo wakashinda 4-2. Timu zote mbili msimu ule zilikuwa daraja la pili. Zilipita katikati ya vigogo wote wa J1 zikakutana zenyewe fainali. Kwa hiyo unaposikia "timu iliyopanda", usiifikirie timu ya wilayani iliyokuja na basi la kukodi.

Kashiwa hasa hawakuwa wageni. Hii ni timu iliyoanzishwa 1940 na wafanyakazi wa Hitachi, kampuni ileile ya mashine na vyombo vya umeme. Iliingia J.League, ile ligi ya kulipwa, mwaka 1995. Jina Reysol ni la Kihispania, mfalme na jua vimeunganishwa, na jezi zao ni za njano. Mwaka 2000 walivuna pointi nyingi kuliko timu yoyote ukijumlisha mwaka mzima, lakini hawakupata ubingwa, maana enzi hizo ligi iligawanywa vipindi viwili na washindi wa vipindi ndio waliocheza fainali. Kashiwa hawakushinda kipindi hata kimoja. Kocha wao alikuwa Akira Nishino. Lishike jina hilo, tutarudi kwake.

Kisha wakaporomoka. Mwisho wa 2005 walicheza mechi mbili za mchujo na Ventforet Kofu kuamua nani abaki J1. Ya pili ilikuwa nyumbani kwao, na Mbrazili mmoja wa Kofu, Baré, akawafunga mabao sita peke yake. Ilikwisha 6-2. Walipanda tena baada ya mwaka mmoja, wakashuka tena 2009. Katikati ya msimu huo wa kushuka walimleta kocha Mbrazili, Nelsinho Baptista, ambaye alikwishafanya kazi Japani miaka ya tisini na Verdy Kawasaki. Hakuweza kuwaokoa. Hapo ndipo uongozi ulipofanya jambo ambalo mimi nalitilia uzito kuliko yote yanayofuata: haukumfukuza. Ukamwachia timu ashuke nayo.

Mwaka 2010 katika J2 Kashiwa walicheza mechi 36 na kupoteza mbili. Pointi 80. Ule haukuwa mwaka wa adhabu, ulikuwa mwaka wa mazoezi yenye mechi za kweli ndani yake. Nelsinho alipata nafasi ya kuwapanga vijana waliolelewa na klabu bila kelele za magazeti makubwa. Leandro Domingues, kiungo mshambuliaji aliyekuja mwaka huo kutoka Vitória ya Brazili, alizoea ligi na wenzake kabla hajakutana na mabeki wa J1. Nahodha Hidekazu Otani, mtoto wa klabu tangu timu ya vijana, aliendelea kuwa katikati. Walipopanda, kikosi hakikuvunjwa. Kiliongezwa Jorge Wagner kutoka São Paulo, mwenye mguu wa kushoto unaopiga kona na friikiki kama mtu anayetupa jiwe kwa mkono. Sisi huku timu ikipanda tunasajili wachezaji kumi na tano wapya na kocha mpya, halafu mwezi wa tatu tunauliza mbona hawaelewani.

Sasa tuingie kwenye msimu wenyewe, na msimu wenyewe ulikaribia kutochezwa.

Raundi ya kwanza ilikuwa tarehe 5 na 6 Machi, na Kashiwa wakaanza kwa kuwafunga Shimizu S-Pulse nyumbani. Ijumaa tarehe 11 Machi, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za Japani, likaja tetemeko la 9.0 pwani ya kaskazini-mashariki, tsunami ikafuata, kisha kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kikaharibika. Raundi ya pili ilikuwa ianze kesho yake. Ligi ikasimama hadi tarehe 23 Aprili.

Kule Fukushima kulikuwa na J-Village, kituo cha taifa cha mazoezi ya soka, viwanja vya nyasi vimepangana kama mashamba ya mpunga. Kipo kusini mwa kinu, kama kilomita 20. Kiligeuzwa kambi ya wafanyakazi waliokuwa wakipambana na kinu. Nyasi zikamwagiwa kokoto ili magari yaegeshwe, mabweni ya wachezaji yakalaza watu waliovaa mavazi ya kujikinga na mionzi. Kilichukua miaka kurudi kuwa viwanja vya mpira.

Mji wa Kashiwa wenyewe upo mkoa wa Chiba, jirani na Tokyo, kama kilomita 200 kutoka kinu kile. Ungesema wako mbali. Lakini upepo na mvua vilidondosha mionzi huko, na mji ukajulikana kama mojawapo ya sehemu za ukanda wa Tokyo zenye vipimo vya juu. Wazazi walikuwa wakiuliza kama ni salama watoto kuchezea mchanga wa shule. Wachezaji wa Reysol walifanya mazoezi katika mji huo mwaka mzima.

Kabla ligi haijarudi, tarehe 29 Machi, ilichezwa mechi ya hisani mjini Osaka kati ya timu ya taifa na wachezaji teule wa J.League. Timu ya taifa ilikuwa mbele kwa mabao mawili. Kipindi cha pili, upande wa J.League, akaingia mshambuliaji mkongwe Kazuyoshi Miura, umri miaka 44. Mpira mrefu ukapigwa, beki Tulio Tanaka akaurusha kwa kichwa mbele, Miura akaukimbilia, akamchungulia kipa na kuuweka nyavuni. Kisha akacheza ile ngoma yake ya kusherehekea ambayo watoto wa miaka ya tisini walikuwa wakiiga uani. Matokeo yakabaki 2-1. Nimetazama bao lile mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri.

Ligi iliporudi, kila mtu alikuwa akiwatazama Vegalta Sendai, timu ya mji uliopigwa. Uwanja wao uliharibika, mshambuliaji wao Mbrazili Marquinhos aliondoka baada ya tetemeko. Mechi yao ya kwanza walikwenda Kawasaki, mvua inanyesha, wakatanguliwa kufungwa. Dakika za mwisho Yoshiaki Ota akasawazisha huku misuli ya miguu ikimkaza, na Jiro Kamata akafunga la pili kwa kichwa. Kocha wao, Makoto Teguramori, akatoka uwanjani akilia. Tarehe 29 Aprili walirudi nyumbani wakawafunga Urawa Reds 1-0. Sendai walimaliza wa nne, na wao ndio waliofungwa mabao machache kuliko timu zote: 25 katika mechi 34.

Nimewataja Sendai kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukiusimulia msimu wa 2011 bila wao umesimulia nusu. Ya pili, wao ndio kinyume kamili cha Kashiwa, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Chukua kalamu. Kashiwa walimaliza na pointi 72: ushindi 23, sare tatu, vipigo vinane. Nagoya, mabingwa watetezi chini ya Dragan Stojković, walipata 71: ushindi 21, sare nane, vipigo vitano. Gamba Osaka 70: ushindi 21, sare saba, vipigo sita. Kisha Sendai na 56: ushindi 14, sare 14, vipigo sita.

Umeona? Sendai walipoteza mechi chache kuliko bingwa. Nagoya nao, na Gamba nao. Kati ya timu nne za juu, bingwa ndiye aliyepigwa mara nyingi zaidi. Lakini msimu mzima alitoka sare mara tatu tu.

Waweke Kashiwa na Nagoya kwenye mizani. Nagoya wana sare tano zaidi. Mahali pa zile sare tano, Kashiwa wana ushindi miwili zaidi na vipigo vitatu zaidi. Sare tano ni pointi tano. Ushindi miwili na vipigo vitatu ni pointi sita. Tofauti ni pointi moja, na pointi hiyo moja ndiyo ubingwa wa Japani wa 2011.

Nenda mbele kidogo. Zamani ushindi ulikuwa pointi mbili. Rudia hesabu kwa mtindo huo: Nagoya wanapata 50, Kashiwa 49, Gamba 49. Kisha tofauti ya mabao kati ya Kashiwa na Gamba: Gamba walifunga 78 wakafungwa 51, wamebaki na 27. Kashiwa walifunga 65 wakafungwa 42, wamebaki na 23. Kwa hesabu za wazee wetu, bingwa huyu angemaliza wa tatu! Najua mtu atasema timu zingecheza tofauti kama sheria ingekuwa tofauti, na ni kweli. Ninachokuonyesha ni aina ya timu waliyokuwa. Walikuwa timu ya pointi tatu au sifuri.

Hilo halikuja kwa bahati. Nelsinho, mechi ikiwa 1-1 dakika ya sabini, hakuwa kocha wa kuingiza beki. Alikuwa na washambuliaji wanne ambao aliwazungusha bila kujali nani ana jina: Junya Tanaka, kijana Masato Kudo, Ryohei Hayashi, na mkongwe Hideaki Kitajima, aliyekuwepo kwenye yale machungu ya mwaka 2000. Aliyeanza leo anakaa benchi kesho. Aliyekuwa benchi anaingia akiwa na njaa. Tanaka alifunga 13 akiwa mara nyingi anatokea benchi au anapishana na wenzake. Leandro Domingues alifunga 15 na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Kiatu cha mfungaji bora hakikwenda Kashiwa: kilikwenda kwa Joshua Kennedy, Mwaustralia wa Nagoya, mabao 19. Wa pili alikuwa Mike Havenaar, mabao 17, naye alishuka daraja na Kofu. Mabao ya mtu mmoja hayajengi ubingwa wala hayazuii kushuka. Tutakapofika kwa Olunga utaniambia.

Silaha yao nyingine ilikuwa upande wa kulia. Leandro alikuwa akianzia kulia lakini anapenda kuingia ndani. Akiingia, beki wa kushoto wa wapinzani anamfuata, na nyuma yake njia inabaki wazi. Hapo alipita Hiroki Sakai, beki wa kulia mrefu wa miaka 21, anakimbia hadi mwisho wa chaki na kupiga krosi ya chini, kali, kati ya kipa na mabeki. Krosi ya namna ile ukiigusa kidogo ni bao, ukiikosa ni kona, na kona anapiga Jorge Wagner. Sakai alichaguliwa chipukizi bora wa msimu, mwaka uliofuata akaenda Hannover, kisha Marseille.

Vipi ratiba? Raundi tano zilizosimamishwa na tetemeko zilirudishwa kama viporo (huku Dar ndivyo tunavyoziita mechi zilizoahirishwa), zikabanwa kwenye majira ya joto. Nagoya na Gamba msimu ule walikuwa pia na Ligi ya Mabingwa Asia mpaka mwishoni mwa Mei. Kashiwa, kwa kuwa walitoka daraja la pili, hawakuwa na safari hizo. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu kuu. Mimi siiondoi, ila siipandishi juu. Wote wawili walitolewa Asia hatua ya 16 bora, na mwezi wa kumi na moja hakuna anayechoka kwa safari ya mwezi wa tano. Uwanja wa nyumbani nao unatajwa sana. Hitachi, kama kilivyoitwa wakati huo, ni kiwanja kidogo, kinachukua kama watu 15,000, na jukwaa liko karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira anasikia mtu akitafuna. Ni kweli unatisha. Lakini ulikuwepo pia 2005, siku Baré alipofunga sita.

Basi ikafika siku ya mwisho, Jumamosi 3 Desemba, mchana kwao, asubuhi kwetu. Kashiwa pointi 69, Nagoya 68, Gamba 67. Wote watatu wako ugenini. Nagoya wako Niigata, Gamba wako Shimizu, na Kashiwa wamepangiwa Saitama kwa Urawa Reds, uwanja mkubwa kuliko wowote wa soka tupu nchini, zaidi ya watu 50,000 wengi wao wamevaa nyekundu. Urawa walikuwa na mwaka mbaya, walimaliza wa 15, hatua moja juu ya mstari wa kushuka, na mashabiki wao hawakuwa na hamu ya kuwa ukumbi wa harusi ya mtu mwingine.

Gamba hawakutetereka, walishinda 3-1. Nagoya hawakutetereka, walishinda 1-0. Kwa hiyo Kashiwa wangetoka sare tu, ubingwa ungekwenda Nagoya kwa pointi moja. Timu iliyokuwa haijui kutoka sare ilikuwa imewekwa mahali ambapo sare ni msiba. Jorge Wagner akafunga, beki wa kushoto Wataru Hashimoto akaongeza, na mapumziko yakaja ikiwa 2-0. Urawa wakarudisha moja mapema kipindi cha pili, na kwa kama dakika ishirini uwanja ule ulikuwa ukiunguruma. Kisha likapatikana la tatu, 3-1, wakamaliza kazi.

Sasa lile jina nililokuambia ulishike. Kocha wa Gamba siku hiyo alikuwa Akira Nishino, yuleyule wa Kashiwa ya mwaka 2000. Miaka kumi na moja baada ya kukosa ubingwa akiwa nao, alikosa ubingwa kwa sababu yao, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho Gamba.

Siku tano tu baadaye Kashiwa, kama bingwa wa nchi mwenyeji, walikuwa kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Wakawatoa Auckland City 2-0, wakawatoa Monterrey ya Meksiko kwa penalti, wakafika nusu fainali na Santos ya Neymar. Walifungwa 3-1, na bao lao lilikuwa la kichwa la Sakai kutoka kwenye kona ya Jorge Wagner. Mwaka mmoja kabla walikuwa wakimalizia mechi za J2.

Nije kwa Olunga, maana ndiko swali lako linakouma.

Ukiangalia kwa haraka, 2020 ni 2011 iliyorudiwa. Kashiwa walishuka 2018, msimu ambao Olunga alifika katikati yake akitokea Girona. Nelsinho akarudishwa. 2019 wakabeba J2, Olunga akifunga 27, manane kati ya hayo katika mechi moja ya siku ya mwisho dhidi ya Kyoto Sanga iliyokwisha 13-1. 2020 wakaanza J1 kwa kuwafunga Consadole Sapporo 4-2, Olunga mawili, na baada ya raundi hiyo moja ligi ikasimama. Safari hii ni Korona, na ilisimama hadi Julai. Kocha yuleyule, klabu ileile, ushindi wa kwanza kisha kimya. Hata mimi nilianza kuota.

Tofauti ya kwanza ilikuwa mbele yao. Kawasaki Frontale ya 2020 ilishinda mechi 26 kati ya 34, ikafunga mabao 88, ikapata pointi 83 na kumwacha wa pili kwa pointi 18. Zipeleke zile pointi 72 za ubingwa wa 2011 katika mwaka huo: unakuwa wa pili, pointi 11 nyuma. Hata Kashiwa wa 2011 wangekula vumbi.

Tofauti ya pili ilikuwa ndani yao. Kashiwa ya 2020 ilifunga mabao 60, na 28 ni ya Olunga. Karibu nusu ya timu iko kwenye miguu ya mtu mmoja. Wapinzani walijua hivyo, wakakaa nyuma, wakamwekea wawili. Siku aliyofanikiwa, timu ilipaa. Siku aliyobanwa, hapakuwa na Tanaka wa kuingia dakika ya sitini na njaa yake. Vipigo vikafika 12. Jorge Wagner na Leandro hawakuwa na mwenzao wa kufunga 28, lakini beki hakujua bao litatoka upande gani.

Lakini usimdharau kijana wenu. Alikuwa mfungaji bora, na wapiga kura wakampa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima akiwa kwenye timu ya saba. Ni Mwafrika wa kwanza kuipata. Mwaka ambao Kawasaki walikuwa na kikosi cha namna ile, tuzo ikaenda kwa mtoto wa Nairobi aliyepita Gor Mahia. Mimi naiona kuwa kubwa kuliko Leandro kuipata 2011 akiwa na kombe mkononi.

Kombe alilikaribia mara moja. Fainali ya Kombe la Ligi ilikuwa ichezwe Novemba 2020, ikaahirishwa kwa sababu Korona ilienea kambini Kashiwa. Ikachezwa tarehe 4 Januari 2021, wakafungwa na FC Tokyo 2-1. Punde baada ya hapo akahamia Al-Duhail ya Qatar.

Jambo moja la nyongeza, maana najua vijana hawaridhiki na ushindi mmoja. Ukimwambia mwanao kwamba 2011 ilikuwa ajali ambayo haitajirudia, atafungua tena simu akuonyeshe Gamba Osaka. Mwaka 2012 walishuka daraja wakiwa ndio waliofunga mabao mengi kuliko timu zote za J1, mabao 67. 2013 wakabeba J2. 2014 wakabeba J1 kwa pointi 63, Urawa wakiwa na 62, na juu yake wakachukua Kombe la Ligi na Kombe la Mfalme. Kwa hiyo usiweke dau la soda ya pili.